Mawimbi Yasiyosikika na Punje ya Ulezi

Mama wa Butiama au Bunda atakaye kimea huloweka ulezi au mtama, huuchuja, huufunika penye unyevu hata uchipue, kisha huuanika na kuusaga. Na unga huo ukitiwa katika uji mzito huulegeza mara, maana punje iliyochipua huwa na vimeng'enya viyeyushavyo wanga. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilikitafiti kimea hicho mwanzoni mwa miaka ya 1980, ili uji wa watoto ubebe unga mwingi nao umezeke kwa wepesi.

Lakini punje ichipuayo ni mmea pia, na mmea, maadamu hauna miguu ya kukimbia, ukichomwa na jua, ukijeruhiwa au kutafunwa na mdudu, hujikinga kwa dawa uziundazo wenyewe, na miongoni mwake zimo fenoli na flavonoidi, ambazo sisi twazila na kuzisifu ilhali hazikuundwa kwa ajili yetu. Basi wataalamu wakataka kuitia mbegu hofu kwa kipimo, pasipo kuiua, ili izidishe dawa hizo, na chombo mojawapo walichokichagua ni sauti: mawimbi yatetemayo zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde, yasiyosikika na sikio la binadamu. (Ni jamaa ya yale ya ultrasaundi ya wajawazito pale Musoma, ila hayo hutetema mara mamilioni, tena kwa upole, kazi yake kutazama tu.) Mbegu huzamishwa majini, mawimbi huzua viputo vidogo mno, ambavyo huvimba na kupasuka kwa nguvu, vikalichubua ganda hata maji yakapenya upesi, na seli, kama nyumba iliyobishiwa hodi usiku wa manane, zikashika silaha.

Mwaka 2005 watafiti wa Georgia, Marekani, walieleza kwamba karanga zilizokatwa vipande, zikapigwa mawimbi hayo na kuwekwa kwa muda, ziliongeza resveratroli, kinga ya karanga dhidi ya kuvu.

Walakini mawimbi yakizidi huiharibu mbegu, mtambo wataka umeme na fedha, na kilichopimwa ndani ya chipukizi si lazima kiwe kimeufikia mwili wa mlaji. Kwa rai yangu, kabla ya kununua mtambo wowote, Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere kilichoko Butiama kingefaa kuchukua ulezi wa shamba moja, nusu uchipuzwe kwa desturi ya kina mama, nusu upigwe mawimbi kwanza, kisha zipimwe fenoli za pande zote mbili pamoja na gharama ya kila kilo.