Stima ya Mto Ni ya Nani?

Mimi mwanachama mwenzenu nimeshika kalamu mwaka huu niwaeleze jambo ambalo wengi wetu huliona kila siku bila kulifikiria. Ukitoka Meru ukielekea Embu unavuka mito mpaka unachoka kuhesabu: Nithi, Mutonga, Thuci, Ena, na mingine midogo ambayo haimo hata kwenye ramani ya darasani. Yote inatoka Mlima Kenya ikiteremka kwa kasi kuelekea mto Tana. Kasi hiyo ni stima. Swali langu ni hili: stima hiyo ni ya nani?

Hebu tuanzie huko chini kwenye Tana. Kuna mabwawa matano ya kuzalisha umeme yaliyofuatana kama ngazi: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. La kwanza, Kindaruma, lilianza kazi mwaka 1968, na Kiambere likafuata mwaka 1988. Kwa miaka mingi mabwawa hayo ndiyo yaliyowasha taa za Nairobi na kuendesha viwanda. Lakini mwenyeji wa Mbeere aliyeishi kando ya maji hayo alizitazama nyaya zikipita juu ya paa lake, naye jioni akawasha koroboi. Kuishi karibu na mto ni jambo moja, na kuwa na sauti juu ya mto ni jambo lingine kabisa.

Sasa tupande juu kidogo, hadi kijiji cha Mbuiru, pande zilizokuwa zikiitwa Meru Kusini na ambazo leo zimo katika kaunti ya Tharaka Nithi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wanakijiji wa huko, jamaa kama 200, waliamua kutumia mto wao Tungu. Walisaidiwa na shirika la ITDG, ambalo siku hizi huitwa Practical Action, pamoja na Wizara ya Nishati, na fedha zikapitia Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Mradi wenyewe ukaitwa Tungu-Kabiri. Lakini msidhani wanakijiji walikaa wakingojea kuletewa. La hasha! Kila mwanachama alinunua hisa. Kila Jumanne watu walitoka na majembe na sururu kwenda kuchimba na kujenga, na kazi hiyo ikachukua kama miaka miwili. Walichagua kamati ya watu 10 kuamua stima itumiwe vipi na iuzwe namna gani. Mtambo ulipokamilika ulikuwa na nguvu ya kilowati 18.

Pengine msomaji atauliza, mtambo wa namna hiyo hufanyaje kazi? Si ajabu wala si uchawi. Maji huchepushwa kwenye banio dogo, yakapitishwa kwenye mfereji wa karibu usawa, kama ile mifereji ya kunyunyizia mashamba tunayoijua sote. Mfereji huishia kwenye birika juu ya mteremko. Hapo maji huingia katika bomba na kushuka kwa nguvu hadi kwenye gurudumu la chuma liitwalo tabini. Gurudumu huzungusha jenereta, na jenereta hutoa stima. Maji yakishamaliza kazi hurudi mtoni yakiwa mazima. Hakuna bwawa kubwa, hakuna shamba la mtu linalofunikwa na maji.

Hesabu yake hata wa kidato cha kwanza ataiweza. Pima mita 10 za mto mahali palipo sawa, utupe kijiti kikavu, uhesabu sekunde. Tuseme kijiti kimechukua sekunde 25. Hiyo ni mita 0.4 kwa sekunde. Mto ukiwa na upana wa mita 1 na kina cha mita 0.3, zidisha zote tatu upate 0.12. Kwa kuwa maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu, punguza robo. Unabaki na lita 90 kwa sekunde. Maji hayo yakianguka mita 20, zidisha 0.09 kwa 20, kisha kwa 9.81 mliyofundishwa na mwalimu wa fizikia. Utapata kilowati 17 na ushei. Kwenye mitambo midogo nusu hivi hupotea njiani, basi mkononi zinabaki 8 hivi. Lakini angalia! Pima mwezi wa pili au wa tisa, wakati wa kiangazi. Anayepima mwezi wa Novemba mvua ikinyesha anajidanganya mwenyewe.

Turudi Mbuiru. Kilowati 18 ukizigawa kwa nyumba 200, kila nyumba inapata wati 90. Pasi ya umeme peke yake hula wati 1,000! Kwa hivyo ilifaa zaidi stima ipelekwe kwenye kituo kimoja cha biashara ndogo ndogo, ambako watu waliweza kuchaji betri na kuchomelea vyuma, kuliko kumgawia kila mtu kidogo kisichomfaa. Huko Kirinyaga wenzao waliamua vingine. Mwaka 2001 Kathamba walikuwa na mtambo wa kilowati 1.1 tu, nyumba 65, na Thima kilowati 2.2, nyumba zaidi ya 110. Wao walichagua taa ndogo kwa kila nyumba, mtoto asome bila moshi wa mafuta ya taa. Nani alikosea? Hakuna. Jambo kubwa ni kwamba uamuzi ulifanywa na wenye mto, si mtu wa mbali.

Mfano mwingine ni wa wakulima wa majani chai. Kiwanda cha Imenti ni cha wakulima wenyewe kupitia hisa zao, nacho kilijenga mtambo wa maji wa karibu megawati 1 ili kupunguza gharama ya kusindika chai. Stima inayobaki ikauzwa kwa kampuni ya umeme ya taifa. Kumbe mkulima anaweza kuwa mwenye kuuza stima, si mwenye kununua tu!

Najua wako watakaosema, “Aa, wewe nawe! Si serikali inaleta stima mpaka mlangoni?” Ni kweli. Zamani kuunganishiwa kulimgharimu mwananchi shilingi 35,000, na mpango ulioanza mwaka 2015 ukaishusha hadi 15,000. Mimi siupingi mpango huo, na umesaidia wengi. Lakini mwenye hisa ana kiti mkutanoni, na mwenye bili ana bili tu. Senti zinazolipwa kijijini zikibaki kijijini zinaweza kumlipa fundi wa kijijini, na bei ikipanda watu hujua imepanda kwa nini.

Hata hivyo nisiwafiche. Miradi midogo hufa, na mara nyingi haiuawi na mto. Huuawa na beringi iliyochakaa bila akiba ya kununua nyingine, na mweka hazina asiyeonyesha vitabu. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Aidha, kuna miti aina ya mikaratusi iliyopandwa kingoni mwa mito, na mabomba ya walio juu yanayonyonya maji mchana kutwa. Mtambo hauwezi kuzunguka kwa mchanga mkavu. Ndiyo sababu kikundi cha stima lazima kikae meza moja na chama cha watumiaji maji wa mto huo, na wazee wasiachwe nyuma, maana kwetu Meru tangu jadi wazee wa Njuri Ncheke wamekuwa na neno juu ya misitu.

Je, sheria inasemaje? Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 haimdai leseni anayezalisha stima isiyozidi megawati 1 kwa matumizi yake mwenyewe. Ila mkitaka kuwauzia majirani, sharti mpate kibali kwa mamlaka ya nishati, EPRA. Kuyachukua maji ya mto pia kuna kibali chake. Kwa hivyo kikundi kijiandikishe kwanza, kiwe na katiba na akaunti ya benki, kisha ndipo kibishe hodi ofisini. Mtu mmoja mmoja ofisini hupigwa danadana. Kikundi cha watu 200 wenye risiti za hisa hukaribishwa kiti.

Wenzangu, likizo ijayo chukueni kijiti, kamba na saa mwende mtoni. Mwandike vipimo daftarini, tarehe na mwezi, muwapelekee wazazi na chifu kwenye baraza. Mwanafunzi hana pesa za kununua tabini, lakini kupima anaweza, na mkutano wenye hesabu mkononi si sawa na mkutano wa maneno matupu. Mungu ametupa mlima na mito yake. Tukinyamaza, atakuja mwingine aipime, na huyo ndiye atakayesema ni yake.