Doa Kwenye Picha ya Kifua

Mchimbaji mmoja wa dhahabu wa huku kwetu Geita aliletwa hospitali na mkewe akiwa amekata tamaa. Alikuwa amepigwa picha ya kifua kwa ajili ya kikohozi, akaambiwa pafu la kulia lina uvimbe. Neno hilo lilitosha. Ndugu walikwisha kuuza ng'ombe wawili na kumpeleka kwa mganga. "Sista," yule mama aliniuliza, "atafikisha mavuno?"

Uvimbe ni nyama iliyoota mahali isipotakiwa. Upo wa saratani, unaovamia nyama za jirani na kutuma mbegu zake sehemu nyingine za mwili. Upo pia usio wa saratani. Huu hukua polepole, hubaki mahali pake, na mtu anaweza kukaa nao miaka mingi bila kujua. Kifuani unaweza kuota ndani ya pafu, kando ya uti wa mgongo kwenye mishipa ya fahamu, au nyuma ya mfupa wa kidari. Rovu nalo, yaani tezi ya shingo iliyovimba, mara nyingine hushuka mpaka ndani ya kifua.

Hata hivyo, kutokuwa saratani si kusema hauna madhara. Nafasi ya kifuani ni ndogo, na uvimbe ukikua hukandamiza njia ya hewa, njia ya chakula au mishipa ya damu. Mtu hukosa pumzi akilala chali, chakula hukwama, au uso humvimba na mishipa ya shingo kujaa. Huyo asisubiri, amwone daktari mapema.

Kwa mchimbaji kuna jambo la ziada. Vumbi la mawe yanayosagwa kwenye karasha huingia mapafuni na kuacha makovu, na makovu yakishikamana hufanana sana na uvimbe kwenye picha. Ugonjwa huo huitwa silikosi, na mwenye nao hupata kifua kikuu kwa urahisi kuliko wengine. Kifua kikuu chenyewe kinaweza kufanya bonge la mviringo ndani ya pafu. Kwa hiyo makohozi yapimwe mapema, hata kama kila mtu nyumbani anasema saratani. Kipimo hicho na dawa zake ni bure, na matibabu ya kawaida huchukua miezi 6.

Mzee wetu alikutwa na kifua kikuu. Wakati familia inahangaika na doa, watoto walikuwa wakilala chumba kimoja na kikohozi chake! Nao ikabidi wapimwe.

Na lile doa? Nilimwuliza mama kama mumewe aliwahi kupigwa picha nyingine. Siku ya tatu alirudi na bahasha iliyokuwa chini ya sanduku, picha ya miaka 4 nyuma. Tukaziweka zote mbili kwenye mwanga: doa lile lile, mahali pale pale, ukubwa ule ule. Doa gumu lisilokua kwa miaka 2 au zaidi kwa kawaida si saratani, na huko alikopelekwa walithibitisha hivyo.

Pasipo na picha ya zamani, mgonjwa huweza kupelekwa hospitali kubwa kama Bugando, Mwanza, apigwe picha ya CT, na ikibidi kipande kidogo cha nyama kitolewe kwa sindano kikaangaliwe kwa hadubini. Wengi huikimbia sindano hiyo. Haigeuzi uvimbe kuwa saratani.

Wachimbaji wanahama sana; dhahabu ikisikika mahali, kesho wameondoka, na picha zinabaki. Nimewahi kukuta moja imezibia dirisha. Zitunzeni pakavu pamoja na kadi ya kliniki. Siku hizi picha nyingi hukaa kwenye kompyuta, basi ombeni nakala na majibu yaliyoandikwa, yenye tarehe, kabla hamjatoka getini.