Mbona Ukiwa na Wenzako Unabadilika?

Je, umewahi kufanya kitu mbele ya marafiki ambacho ukiwa peke yako usingethubutu? Basi hauko peke yako. Yuko Mmarekani anayeitwa Laurence Steinberg ambaye amelichunguza jambo hilo kwa miaka mingi.

Steinberg alizaliwa mwaka 1952. Fani yake ni saikolojia ya makuzi, yaani jinsi akili na tabia ya mtu zinavyobadilika anapokua. Alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1977, na mwaka 1988 akaanza kufundisha Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia. Kitabu chake cha kiada kuhusu ujana kilitoka mwaka 1985 na kimechapishwa upya mara nyingi.

Mwaka 2005, yeye na mwenzake Margo Gardner walitoa matokeo ya utafiti wa watu 306. Watu hao walicheza gemu ya kuendesha gari kwenye kompyuta. Ukiendelea baada ya taa ya njano unaongeza pointi, lakini ukichelewa kusimama unapata ajali. Wengine walicheza peke yao, wengine huku wenzao wawili wakiwatazama. Mbele ya wenzao, wa miaka 13 hadi 16 walijihatarisha karibu mara mbili zaidi! Watu wazima hawakubadilika.

Kwa nini? Steinberg anaeleza kuwa wakati wa kubalehe, sehemu ya ubongo inayotafuta raha na sifa huchangamka mapema. Sehemu inayofunga breki huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Si kwamba kijana hana akili. Akitulia, anafikiri vizuri tu.

Hoja hizi zilifika mbali. Mwaka huohuo wa 2005, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipiga marufuku adhabu ya kifo kwa makosa yaliyotendwa kabla ya miaka 18, na katika hukumu ilinukuu maandishi ya Steinberg.

Sasa wewe je? Hiki si kisingizio cha kufanya ovyo. Ila usingoje kuamua mambo ya pombe, ngono au kupanda pikipiki ya dereva mlevi wakati kundi zima linakushangilia. Amua mapema, ukiwa umetulia nyumbani. Tafuta na rafiki mmoja mwenye msimamo kama wako, mkitoka mtoke pamoja.