Sanduku la Trakta Si Ngazi

Siku za kliniki tunazoea kusema juu ya maziwa, sindano za watoto na homa ya malaria. Leo tutasema juu ya ajali ya kuanguka, sababu ajali hiyo inaweza kuwaacha watoto bila baba kwa siku moja tu.

Hapa Yangambi michikichi ni kazi ya zamani. Taasisi ya kilimo INEAC ilianzishwa mwaka 1933, na Yangambi ikawa kituo chake kikubwa. Mwaka 1941 wataalamu wake walieleza namna ya kupata mchikichi wa ganda jembamba, unaotoa mawese mengi. Lakini mchikichi unarefuka kila mwaka, na mkungu mmoja unaweza kufika kilo 20. Basi mtu akiona trakta yenye mikono ya kuinulia udongo, anaweza kufunga mbele yake sanduku la mbao au pipa, na kumpandisha mwenzake akate mikungu au atengeneze bati la nyumba. Inaonekana rahisi. Ni hatari kubwa.

Sababu gani ni hatari?

1. Mikono ya trakta inashikwa juu na mafuta ya mashini yaliyo ndani ya mipira. Mpira mmoja ukipasuka, mikono inashuka mara moja pamoja na mtu.
2. Kuna mwendo wa kuinua na kuna mwendo wa kumwaga. Shofere akikosea kidogo, sanduku linainama na mtu anamwagwa kama udongo.
3. Mzigo ukiwa juu, trakta inakuwa nyepesi nyuma. Gurudumu likiingia shimoni, inaweza kupinduka.

Kwa hiyo shauri letu la kwanza: mtu asipandishwe na trakta. Mikungu ikatwe kwa mundu uliofungwa kwenye mti mrefu, mkataji akisimama chini, pembeni. Kwa bati, tumieni ngazi imara iliyofungwa juu, na mtu mmoja aishike chini.

Na kama wanaume wanashikilia kufanya hivyo?

Hata sheria hizi haziondoi hatari yote. Lakini mama, uliza maneno haya kabla kazi haijaanza:

– Je, sanduku limefungwa kwa bolti na mnyororo, au limewekwa tu? Pipa lisilofungwa ni kifo.
– Je, lina ukingo pande zote, kufika kiunoni? Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mjenzi wa nyumba anaagizwa kuweka ukingo juu ya dari, mtu asianguke. Neno hilo linafaa hata hapa.
– Je, aliye juu amevaa mkanda wa usalama unaoshika mabega na mapaja, uliofungwa kwenye sanduku?
– Je, trakta imesimama mahali pa sawasawa, breki imefungwa, na uzito umewekwa nyuma?
– Je, mipira imetazamwa? Ikivuja mafuta, kazi isimame.
– Je, shofere anajua mashini, hajanywa pombe, na atakaa kitini mpaka mwenzake ashuke? Trakta isitembee mtu akiwa juu.
– Je, kuna waya za umeme karibu? Kama ziko, msiinue mtu.

Watoto wakae mbali sana. Wanapenda kutazama mashini, na wanakimbilia chikichi zinazoanguka. Hakuna mtu wa kupita chini ya mikono ya trakta, hata kwa dakika moja.

Mtu akianguka

Msimwinue. Msimketishe. Msimvute mikono wala kumkanda mgongo. Mfupa wa shingo au mgongo ukiwa umevunjika, kumvuta kunaweza kumfanya asitembee tena maisha yake yote.

Mmoja ashike kichwa, kisigeuke. Damu ikitoka kwenye jeraha, kandamizeni kwa kitambaa safi. Akitapika, mgeuzeni ubavu mwili wote pamoja, kichwa kikifuata mwili. Msimpe chakula wala kinywaji.

Kiisha watu wanne au zaidi wamhamishe pamoja juu ya ubao au mlango, wamfunge vizuri, wamlete hospitali. Asikalishwe juu ya pikipiki. Kama mnakuja kwa mtoni, alale juu ya ubao huohuo ndani ya mtumbwi.

Hata anayesema, "Mimi mzima," aje apimwe. Akianza kusinzia, kutapika, kuumwa sana tumbo, kutoka damu masikioni, au miguu kufa ganzi, msingoje asubuhi.

Mama, usiogope kusema nyumbani. Mkungu wa chikichi utaiva tena. Baba wa watoto ni mmoja.