Wakili wa Malindi: usiishie kuuliza ni mtoto wa nani

Familia nyingi za Muscat, Dubai na Doha zilizoacha nyumba au shamba Malindi, zikitafuta wakili huko nyumbani huanza na swali moja: mtoto wa nani huyo? Wakiambiwa ni wa ukoo fulani, na mamake ni jamaa ya shangazi, basi mambo yamekwisha. Usiku huohuo hati ya babu inapigwa picha na kurushwa kwa WhatsApp.

Kuuliza nasaba si vibaya. Mji mdogo una macho, na mtu huogopa kuaibisha kwao. Lakini nasaba haimwingizi mtu katika Daftari la Mawakili.

Tena neno lenyewe linatuponza. Waarabu wa huku hutenganisha: muhami ni mwanasheria, wakil ni yeyote uliyempa wakala. Sisi tumewafunga wote katika neno moja. Ami anayetukusanyia kodi ya nyumba ni wakili, dalali mwenye mkoba naye wakili. Sheria ya Mawakili ya Kenya haiendi hivyo: asiye na sifa akiandaa hati za kuhamisha ardhi kwa malipo, anatenda kosa.

Mwenye sifa amepita njia ndefu. Ana shahada ya sheria, amesoma Kenya School of Law kule Karen, Nairobi, amefaulu mitihani ya uwakili, na amekaa miezi sita chini ya wakili mzoefu akijifunza kazi. Kisha anaapishwa na Jaji Mkuu na kutia saini daftarini. Na bado hajamaliza, maana kila mwaka lazima achukue cheti cha kufanyia kazi, ambacho huisha Desemba 31. Cheti cha mwaka jana kilichotiwa fremu ukutani ni pambo tu.

Kukagua hakuhitaji safari. Chama cha Mawakili Kenya, LSK, kina sehemu katika tovuti yake ya kutafuta jina la wakili na kuona kama yuko hai kikazi mwaka huu. Ila usiishie kwenye jina. Oktoba 2023 Wakenya walipigwa na butwaa kwa habari za kijana aliyedaiwa kufanya kazi mahakamani kwa kutumia usajili wa wakili halisi, ambaye jina lake linakaribiana na lake. Basi linganisha na ofisi pia, na namba ya simu uitafute mwenyewe, usitumie uliyopewa na dalali.

Kibao kikiandikwa "wakili wa ardhi na majumba", jua kwamba Kenya haina leseni ya peke yake ya mambo ya ardhi. Wakili yeyote mwenye cheti anaruhusiwa kuifanya kazi hiyo, hata kama maisha yake yote alikuwa akitetea kesi za wizi. Muulize amesajili mauziano mangapi katika ofisi ya ardhi ya Kilifi, na muulize jambo ambalo wengi wetu tunaona haya kuliuliza: wewe ni wakili wangu au wa muuzaji? Mmoja akivaa kofia zote mbili, bei ikizozaniwa utabaki huna mtu.

Binafsi naona kipimo kizuri zaidi ni hii hati ya babu. Hati nyingi za pwani chanzo chake ni madai yaliyopimwa chini ya sheria ya ardhi ya mwaka 1908, na mpaka leo zimo majina ya wazee waliokwisha kufariki. Mwambie wakili: jina ni la babu, sisi tuko Oman, tunataka kuuza. Akikuambia "nitumieni wakala mliosaini, mengine niachieni", mshukuru na ukate simu. Wakala hufa na aliyeutoa, na hakuna aliye hai anayeweza kumtilia saini maiti.

Anayejua kazi yake ataanza na mirathi: cheti cha kifo, orodha ya warithi wote, wakiwemo madada walioolewa Salalah ambao hakuna aliyewauliza. Waislamu wakikubaliana wanaweza kwenda kwa Kadhi. Hukumu ikishatoka, inapelekwa ofisi ya ardhi ili majina yabadilishwe, na hapo ndipo mnunuzi anapotajwa.