Makisio ya Kamera na Maamuzi ya Mpiga Picha

Kamera ya kidijitali hutangazwa madukani kana kwamba hunasa kilicho mbele yake kama kilivyo, ilhali sehemu kubwa ya picha inayoonekana kwenye kioo chake ni matokeo ya makisio: kamera hukisia rangi, hukisia kiasi cha mwanga kinachofaa, na hukisia pia ni kitu gani ndani ya fremu kinachostahili kuonekana vizuri. Makisio hayo yalipangwa na wahandisi waliokuwa na mandhari fulani akilini, na mara nyingi mandhari hayo hayakuwa ua wa nyumba ya Lamu saa sita mchana wala uso wa bibi harusi mweusi aliyejifunika shela jeupe. Kwa hiyo maswali ambayo wanaoanza kupiga picha huyauliza moja moja, yaani vifaa gani vinunuliwe, programu gani itumike na kazi za nani zitazamwe, yana mzizi mmoja: ni wapi mpiga picha aiachie kamera ikisie, na ni wapi aifanye kazi hiyo mwenyewe.

Kiini cha kamera ni kihisi, yaani kibamba chembamba cha silikoni kilichogawanywa katika mamilioni ya vijisehemu viitwavyo pikseli, ambavyo kila kimoja hugeuza mwanga unaokiangukia kuwa chaji ya umeme, na chaji hiyo ikageuzwa kuwa namba. Mwaka 1975 mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak, katika mji wa Rochester nchini Marekani, aliunda kamera ya kidijitali ya kwanza iliyoweza kubebwa. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 3.6, ilitoa picha ya pikseli 10,000 tu isiyo na rangi, na ilihitaji sekunde 23 kuihifadhi picha moja kwenye kanda ya kaseti. Kampuni iliyomwajiri iliendelea kutegemea faida ya filamu, na Januari 2012 ikaomba mahakama iilinde dhidi ya wadai wake.

Pikseli yenyewe haioni rangi, bali hupima wingi wa mwanga tu. Suluhisho linalotumika hadi leo katika kamera nyingi, za simu zikiwamo, lilipewa hataza mwaka 1976 kwa jina la Bryce Bayer, naye wa Kodak: juu ya kila pikseli huwekwa kichujio kidogo cha rangi moja, nusu ya vichujio vyote vikiwa vya kijani, robo vyekundu na robo vya buluu, kwa sababu jicho la binadamu hupambanua zaidi tofauti za mwangaza katika kijani. Maana yake ni kwamba kila pikseli hupima rangi moja kati ya tatu, na mbili zilizobaki hukokotolewa kutokana na pikseli jirani, hivyo theluthi mbili za namba za rangi katika picha ya kawaida hazikupimwa na chombo chochote. Kwa kawaida hesabu hiyo hufanyika kwa ustadi mkubwa kiasi kwamba hakuna anayeitambua, lakini kikoi chenye nyuzi nyembamba kikipigwa kwa umbali fulani huweza kutoka na mawimbi ya rangi ambayo mfumaji wake hakuyaweka.

Kuhusu wingi wa megapikseli, ambao ndio hutajwa kwanza na wauzaji, maelezo machache yanatosha: picha ya ukubwa wa karatasi ya A4 iliyochapishwa kwa kiwango kizuri cha nukta 300 kwa inchi huhitaji megapikseli zisizofika 9, na simu nyingi zinazotangazwa kuwa na megapikseli 48 au 50 huunganisha pikseli nne nne kuwa moja na kutoa picha ya takribani megapikseli 12. Kilicho muhimu zaidi ni ukubwa wa kihisi chenyewe, kwa sababu kihisi kipana hukusanya mwanga mwingi zaidi. Kihisi kamili, kilichorithi vipimo vya filamu ya zamani, kina milimita 36 kwa 24, ilhali vihisi vya simu nyingi havifiki milimita 10 kwa upana, na tofauti hiyo hujitokeza wazi pindi taa za ukumbini zinapofifishwa.

Makisio yenye madhara makubwa zaidi kwa mpiga picha wa Afrika Mashariki ni yale ya kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera. Kipima hicho hakijui kinatazama nini. Hudhani kwamba mandhari yoyote, mianga na vivuli vyake vikichanganywa pamoja, hutoa kijivu cha wastani, kile ambacho kadi maalumu za kupimia hukiwakilisha kwa kuakisi asilimia 18 ya mwanga. Kwenye nikahi, safu ya wanaume waliovaa kanzu nyeupe huifanya kamera iamini kwamba mwanga umezidi, ikaupunguza, na matokeo yake kanzu hutoka za kijivu na nyuso zikawa vivuli visivyo na macho. Upande wa wanawake waliovaa mabuibui meusi kamera ile ile hukosea kinyume chake, ikaongeza mwanga hadi weusi wa buibui ukapauka na mashavu yakang'aa kupita kiasi, picha ambayo enzi za filamu watu wangesema imeungua. Kamera za karibuni hutambua nyuso na kuzipa uzito katika hesabu, jambo linalopunguza kosa hilo bila kuliondoa, hasa pale ambapo uso wenyewe ni mweusi na mwanga mkali uko nyuma yake.

Tiba yake haihitaji fedha. Kamera karibu zote zina kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, ambacho humwezesha mpiga picha kuiagiza kamera iongeze au ipunguze mwanga kuliko ilivyokisia; hatua moja ya kujumlisha ni kuuongeza mwanga mara mbili, na mbele ya kundi la kanzu nyeupe hatua moja au moja na nusu mara nyingi hurudisha weupe wa kanzu na uhai wa nyuso. Kwenye simu nyingi kazi hiyo hufanywa kwa kugusa uso wa mtu kwenye kioo na kusogeza alama ya jua juu au chini. Aidha, kamera huweza kuonyesha histogramu, yaani mchoro wa vilima unaoonyesha ni pikseli ngapi ziko katika giza, katika wastani na katika mwanga mkali, na mchoro huo ni wa kuaminika kuliko kioo cha kamera kinachotazamwa juani, kwa kuwa kioo hubadilika kufuatana na mwanga wa nje lakini hesabu ya pikseli haibadiliki.

Kutojali huku kwa kamera kuhusu ngozi nyeusi kuna historia. Kwa miongo kadhaa baada ya Vita Kuu ya Pili, maabara za kusafisha filamu za rangi zilirekebisha mitambo yake kwa kufuata kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, kadi zilizokuja kuitwa Shirley kwa jina la mwanamitindo wa mwanzo wa Kodak, na rangi ya ngozi yake ikawa ndiyo kipimo cha rangi iliyo sahihi. Mtafiti Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia nchini Kanada, aliyeichunguza historia hiyo, alionyesha kwamba miongoni mwa waliosukuma mabadiliko ya filamu walikuwamo watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao za rangi ya kahawia hazitofautiani vizuri pichani. Malalamiko ya biashara yalisikika mahali ambapo mamilioni ya nyuso za watu hayakusikika. Mwaka 2021 kampuni ya Google ilitoa simu ya Pixel 6 ikiwa na mfumo uliofundishwa kwa picha za watu wa rangi nyingi zaidi za ngozi, na hilo ni badiliko la kupongezwa, ingawa mfumo huo nao hukisia. Simu nyingine nyingi hadi sasa hulainisha na kung'arisha ngozi bila kuulizwa, kwa kisingizio cha kurembesha, na ikiwa kuna kisio moja ambalo mwenye simu anapaswa kulizima siku ile ile anapoinunua, ni hilo.

Kwa mnunuzi mwenye fedha kidogo, fedha hizo zina faida zaidi kwenye lenzi kuliko kwenye kamera yenyewe. Uwezo wa lenzi kupitisha mwanga huonyeshwa kwa namba ya f, ambayo ni umbali wa fokasi uliogawanywa kwa kipenyo cha tundu la lenzi, hivyo namba ikiwa ndogo tundu huwa kubwa. Lenzi ya kuvuta inayouzwa pamoja na kamera nyingi za kuanzia hufikia f/5.6 inapovutwa hadi mwisho, wakati lenzi isiyovuta ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa kwa kampuni nyingi, hupitisha mwanga karibu mara kumi zaidi. Kamera zenye kioo cha ndani cha kuakisi, ambazo kampuni kubwa zimeziacha na kuhamia zisizo na kioo, sasa hupatikana mtumba kwa bei iliyoshuka sana, na mnunuzi makini huuliza kwanza shata, yaani pazia linalofunguka kupitisha mwanga, imefunguka mara ngapi, kwani kamera za kawaida hukadiriwa kuhimili mara 100,000 hivi na za wanahabari hadi 400,000.

Jua la maeneo ya ikweta, linalosimama utosini na kutia vivuli vyeusi machoni, hushindwa kwa vifaa duni zaidi: kibaraza chenye kivuli kinachopokea mwanga kutoka uwanjani, shuka jeupe lililotandikwa chini ili kuurudisha mwanga usoni, au ubao uliovikwa foronya nyeupe na kushikwa na msaidizi. Adui mkubwa wa lenzi katika miji ya pwani ni unyevu, ambao huotesha kuvu kati ya vioo vya lenzi na kuacha nyuzi nyuzi ambazo huondolewa kwa shida au zisiondoke kabisa. Kasha lisilopitisha hewa pamoja na vifuko vya chembe za kufyonza unyevu, ambavyo hutupwa kila siku kutoka kwenye maboksi ya viatu vipya, hulinda mali ya thamani kubwa kwa gharama ndogo mno.

Uamuzi wa mwisho wa kuikatalia kamera makisio yake hufanyika kwenye kompyuta. Picha ya JPEG, ambayo ndiyo hutumwa kwenye simu na mitandao, tayari imeamuliwa rangi, ukali na utofauti wa mwanga, na kila rangi imebanwa katika viwango 256. Faili ghafi, yaani kumbukumbu ya namba kama zilivyotoka kwenye kihisi, huweza kuwa na viwango 16,384 na haijaamuliwa chochote. JPEG ni ugali uliokwisha songwa, na faili ghafi ni unga. Nikahi iliyopigwa chini ya taa za rangi mchanganyiko, ikihifadhiwa kwa faili ghafi, huruhusu mpiga picha kuamua baadaye weupe wa kanzu uwe weupe gani, na kuufungua uso uliomezwa na kivuli bila kuuharibu.

Programu iliyozoeleka zaidi ni Photoshop, iliyoanzishwa na ndugu wawili, Thomas na John Knoll, na kutolewa na Adobe mwaka 1990, ikafuatiwa mwaka 2007 na Lightroom iliyokusudiwa hasa kupanga na kusafisha picha nyingi kwa pamoja. Zote mbili sasa hulipiwa kila mwezi au kila mwaka, na hapo ndipo wapiga picha wengi wachanga hukimbilia nakala za wizi zinazoleta virusi, jambo lisilo na sababu kwa kuwa darktable na RawTherapee hufungua faili ghafi bila malipo yoyote, GIMP hufanya sehemu kubwa ya kazi za Photoshop, na Snapseed hufanya mengi ya hayo kwenye simu.

Chemchemi ya msukumo wa kisanaa hutafutwa mno kwenye picha za mitandaoni, ambako mtindo mmoja huigwa hadi ukachosha, na hutafutwa kidogo mno katika studio za zamani za Afrika. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, alipiga kwa mwanga wa asili, akatundika vitambaa vya maua nyuma ya wateja waliovaa vitambaa vya maua, na kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, kwa kawaida alimpiga mteja mara moja tu. Ngozi nyeusi katika picha zake ina vina na mng'ao ambao kamera za leo zinazojiamulia hupata taabu kuufikia. Malick Sidibé, wa mji huo huo, alikuwa Mwafrika wa kwanza na mpiga picha wa kwanza kupewa Simba wa Dhahabu wa maonyesho ya Venice kwa kazi ya maisha yake, mwaka 2007. Pwani ya Waswahili nayo ina yake: Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 1930, na miaka ya 1990 wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, walijenga vibanda vilivyopambwa kwa vitambaa, maua ya plastiki na michoro ya meli na ndege, ili msafiri asiye na kitu apigwe kama mtu aliyefika mbali. Kwa upande wa habari, Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, ambaye filamu yake ya njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984 iliutikisa ulimwengu, alipoteza mkono wa kushoto katika mlipuko wa Addis Ababa mwaka 1991 na akarudi kazini kwa mkono wa bandia, hadi alipofariki katika ajali ya ndege karibu na Komoro mwaka 1996.

Kazi za watu hao zinatazamwa leo kwa sababu negativu zao zilikuwa vitu vya kushikika vilivyowekwa ndani ya maboksi. Picha ya kidijitali haina boksi; hukaa kwenye kadi au diski ambayo siku moja itakufa bila kutoa dalili, kwa hiyo wapiga picha waangalifu hutunza angalau nakala mbili katika majengo mawili tofauti, na huandika ndani ya faili lenyewe majina ya waliopigwa, mahali na tarehe, kazi ambayo Lightroom na darktable zote huiwezesha. Maandishi hayo husafiri pamoja na picha, isipokuwa inapotumwa kupitia programu za ujumbe kama WhatsApp, ambazo huibana picha na kuyafuta. Nakala inayofaa kutunzwa, basi, ni ile ya asili iliyotoka kwenye kamera, si ile iliyobaki kwenye simu ya jamaa aliyerushiwa.