Faili zima ni nafuu kuliko kianzishi kidogo

Kila mradi wa programu huria hufika mahali pa kuamua namna ya kuifunga programu yake kwa wanaoipakua. Njia ya kwanza ni kianzishi kidogo cha megabaiti chache, ambacho kikifunguliwa huvuta yaliyobaki kutoka mtandaoni. Ya pili ni faili zima, zito, lenye kila kitu ndani. Wengi huona ya kwanza ni wepesi kwa mteja. Kwa Bujumbura naona ni kinyume. Burundi haina bahari; mawasiliano yake hutegemea nyaya zinazotua pwani ya Afrika Mashariki kisha zikavuka nchi za jirani, na mnunuzi wa kawaida hulipia mega kwa kipimo. Kianzishi kidogo hulipisha upya kwa kila kompyuta, na umeme ukikatika katikati, kazi huweza kuanza tena.

Chukua LibreOffice, programu ya kuandikia nyaraka ambayo sekretariati ya mtaani, ile inayochapa barua na kutoa fotokopi, inaweza kuitumia bila kulipia leseni. Faili lake la Windows lina takriban megabaiti 350. Shule yenye kompyuta 20, ikivuta kwa kila moja, itatumia gigabaiti 7. Ikipakua mara moja na kuzungusha flashi, itatumia megabaiti 350 zilezile. Zaidi ya hapo, faili hilo la Windows limebeba lugha nyingi kwa pamoja, na mtu huchagua yake wakati wa kusakinisha. Mtu akilalamika kwamba lugha hizo ni mzigo bure, na aufikirie mji ambao Kirundi, Kifaransa na Kiingereza ni lugha rasmi, na katika mtaa wa Buyenzi watu wanaongea Kiswahili mchana kutwa. Flashi moja yaweza kuwatosha wateja wa lugha tofauti. Mradi huo pia hutoa faili kwa njia ya torenti, ambayo upakuaji ukikatika huendelea pale ulipoishia. Kwa mji wa umeme wa kukatika, hilo lina uzito kuliko rangi za kitufe cha kupakulia.

Pingamizi kubwa ni usalama: faili linalotembea kwa flashi huzeeka, tena laweza kubeba virusi. Ni hoja ya kweli. Dawa iliyozoeleka ni alama ya uhakiki ya SHA-256, yaani mstari wa herufi na tarakimu 64 ambao hubadilika kabisa hata faili likiguswa kidogo tu. Lakini sekretariati yenye foleni mlangoni haitakaa kulinganisha herufi 64. Afadhali mradi utie saini ya kidijitali, ili Windows yenyewe ionyeshe jina la mchapishaji kabla ya kusakinisha, na namba ya toleo iwe kwenye jina la faili, mwenye duka ajue mara moja kwamba alilonalo ni la zamani.

Pingamizi la pili ni la wanaojitolea: kila muundo unaoongezwa ni kazi ya kuujaribu na kuutunza. Basi wachague michache. Kwa Linux ningetanguliza AppImage, faili moja linalofunguka bila kusakinishwa. Muundo mwingine, Flatpak, huokoa nafasi kwa mwenye programu nyingi, kwa kuwa programu hizo hutumia misingi ya pamoja, ila programu ya kwanza huvuta msingi mzito usiotajwa kwenye uzito wa programu yenyewe. Katika kuutaja uzito, Kiwix, inayofungasha Wikipedia kwa kusomwa bila mtandao, imewapita wengi: kuna toleo lenye picha, lisilo na picha, na la utangulizi wa makala tu, na uzito wa kila moja umeandikwa wazi.

Enyi mnaofunga programu, andikeni uzito kamili kabla mtu hajabonyeza, na faili zima lisifichwe nyuma ya kianzishi. Mwenye mega 500 mkononi ana haki ya kujua kama zitamfikisha.